Siku Uliyonishikia Kamba Gatuanyaga

Mwanangu Rukia,

Umetoka hapa sasa hivi kwenda Mwiki kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachilia kabla hajakulisha mara mbili. Basi nimepata nafasi. Nimeshaswali Alasiri, baba yako yuko dukani, na begi lako limesimama mlangoni kama mgeni aliyekataa kuketi. Kesho baada ya Alfajiri utalibeba uende Naro Moru, na mimi si hodari wa kusema mambo mtu akiwa mbele yangu. Nikikutazama usoni nitaanza kukuuliza kama umebeba soksi.

Soksi nimeziona, ziko. Sitaandika kuhusu soksi, wala chakula, wala kuamka mapema, wala wavulana. Hayo shangazi zako wamegawana wenyewe, na yule wa Majengo amechukua sehemu kubwa. Mimi nataka kukuandikia kuhusu ile Jumamosi ya Gatuanyaga. Tumeitaja mara nyingi, tumeicheka, umewaonyesha wenzako kovu. Lakini wewe unaijua ukiwa chini. Nataka ujue ilikuwaje kule juu.

Lakini lazima nianzie Kamakis, kwenye lile ghala lenu.

Nilipokuja kwenye lile ghala mara ya kwanza, nilikuja kukutoa. Ulikuwa unatoka nyumbani kila Jumamosi na kurudi vidole vimechubuka, nguo zimejaa unga mweupe, na nikikuuliza unasema, "Tulikuwa tunapanda, Mama." Kupanda nini? Nilidhani mti, nilidhani matatizo. Nikafunga duka la vitambaa mapema nikaja. Nje moshi wa nyama choma, ndani kuta ndefu hadi darini zimebandikwa vishikio vya plastiki, vyekundu, vya kijani, vya manjano, kama mtu amemwaga peremende. Na wewe ulikuwa karibu na dari, umening'inia kwa mkono mmoja, unacheka.

Nilikunja mikono nikangoja ushuke nikugombeze. Wekesa, mwalimu wenu, akaja na ile sauti yake ya Bungoma isiyo na haraka.

"Mama Rukia, karibu. Si ujaribu tu kidogo?"

"Mimi sijaja kujaribu."

"Basi jaribu ndio ujue unakataa nini."

Sijui ni nini kilinipata. Labda ni vile ulivyoniangalia, ukiwa na hakika kwamba nitakataa. Nilivua viatu, nikafungwa ule mkanda wa kiunoni juu ya gauni langu la dira na suruali, nikapanda. Nilifika mahali mtu mrefu angegusa kwa mkono, nikapiga kelele nishushwe. Usiku huo mikono iliniuma hata kufunga ushungi nilishindwa. Jumamosi iliyofuata nikakuuliza, kama mtu asiyejali, mnaenda saa ngapi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza, mwanamke wa makamo, muuza vitambaa wa Thika ambaye hata ngazi ya dukani alikuwa anamwachia msaidizi. Na nikaanza kuwa mjuzi. Wewe hukuona, maana ulikuwa na heshima, lakini mimi nilijiona. Nilijua vishikio vya kijani ni vya wanaoanza, vya manjano vimezidi ugumu kidogo. Nilimaliza njia za kijani zote. Nilikuwa nawaambia wanawake wenzangu kwenye arusi kwamba mimi napanda milima, ilhali sikuwa nimewahi kugusa jiwe.

Kisha ukaja na habari ya Naro Moru. Umekubaliwa kwenda huko, miguuni mwa mlima mkubwa, kujifunza kazi ya kuongoza wageni mlimani. Nakumbuka ulisimama kando ya meza ya kukatia nguo, simu mkononi, hujui uiweke wapi. Nilikwambia hapana. Sikueleza. Nilisema hapana nikaendelea kupima kitambaa cha mteja, na nikakikata vibaya, lakini hilo hukulijua.

Siku zilizofuata tulikuwa tunapitana ndani ya nyumba kama wapangaji. Ukasema habari za asubuhi, nikaitikia, basi. Baba yako akaniuliza, "Huyu mtoto mnapanda naye ukuta mmoja, sasa unamkatazia nini?" Nikamwambia ukuta una dari, mlima hauna. Baadaye akaniambia kwamba yeye pia anaogopa, lakini hakuwa na dari ya kusingizia.

Ni wewe uliyevunja ukimya. Ulinijia jikoni nikiosha mchele.

"Mama, Wekesa anatupeleka kwenye mwamba wenyewe Jumamosi. Ng'ambo ya Gatuanyaga. Njoo."

"Nije kufanya nini?"

"Uone. Kama ni kunikataza, nikataze ukiwa umeona. Ukishuka ukisema hapana, ni hapana. Sitakuuliza tena."

Nilikubali haraka sana, Rukia. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba nitashuka na hapana yangu imepata nguvu. Nilikwenda Gatuanyaga kushinda.

Tulikwenda na gari la Njeri, yule msichana wa benki wa Ruiru anayecheka kabla ya kusema. Unakumbuka vumbi. Unakumbuka mbuzi waliolala katikati ya barabara wakakataa kuamka mpaka Wekesa akashuka akawaomba. Kisha tukaacha gari, tukatembea kwenye nyasi kavu na miiba, na mwamba ukatokea.

Nilidhani nitaona ukuta mkubwa zaidi ya ule wa Kamakis. Ndivyo nilivyokuwa nimeupanga kichwani. Lakini ule haukuwa ukuta. Ukuta umejengwa na mtu, una mwanzo, una fundi wake unaweza kumlaumu. Kitu kile kilikuwa kimekaa pale tu, kijivu na chekundu kama kaa linalopoa, kimepasuka hapa, kimevimba pale, kirefu kama jengo la ghorofa tano, na mjusi mmoja mwenye kichwa chekundu na mwili wa samawati alikuwa amejianika juu yake kama ndiye mwenye nyumba. Niliweka kiganja. Upande wa jua ulikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe. Upande wa kivuli ulikuwa baridi. Jiwe moja, pumzi mbili. Nikasema Subhanallah, na sikuisema kwa mazoea.

Kisha nikasema neno ambalo mnanichekea mpaka leo. Nilikuwa nimeshavaa mkanda na helmeti, nimesimama pua karibu na mwamba, nikageuka nikauliza, "Sasa ya kijani iko wapi?"

Njeri alikaa chini kwa kicheko. Lakini mimi nilikuwa nauliza kweli. Kule ndani kila kitu kilikuwa kimeniambia: weka mkono hapa, mguu pale, ukimaliza umemaliza. Hapa hakuna aliyekuwa amepita mbele yangu kunipakia rangi. Jiwe halikunialika wala kunifukuza. Halikujua kwamba nimekuja. Nilihisi mdogo kwa namna ambayo sijawahi kuhisi, na la ajabu ni kwamba haikuniuma. Ilikuwa kama kuingia msikitini peke yako kabla watu hawajafika.

Wekesa alikuwa amezunguka nyuma akapanda juu kwa njia ya miguu, akafunga kamba kwenye vyuma na mti mnene, akaivuta mara nyingi, akashuka. Akatueleza upya, ingawa tulikuwa tunajua. Kamba inatoka kiunoni kwa anayepanda, inakwenda juu, inapita kwenye pete za chuma, inarudi chini kwa anayeshika. Anayeshika anaikaza mwenzake akipanda, na mkono wake wa kulia hauachi kamba hata nyuki akiuma. Kisha akatuambia jambo ambalo kule Kamakis halikuwepo.

"Hapa mawe mengine yameshikana na mengine yanakudanganya. Kabla ya kuvuta, gonga na usikilize. Likilia kama sufuria tupu, liache. Na likitoka, usione haya, piga kelele, 'Jiwe!' Walio chini wajue."

Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimesikia. Kusikia na kukumbuka si kitu kimoja, na hilo nimelijua nikiwa na umri huu.

"Nani atamshikia Mama?" akauliza.

Ukasema, "Mimi."

Wekesa akasimama nyuma yako, ameshika mwisho wa kamba, kama wanavyofanya kwa wanaojifunza. Nikaanza.

Mwanzo nilikuwa nauminya mwamba kama mtu anayeminya nguo yenye maji. Mikono ikachoka kabla sijafika popote. Wewe ukaita kutoka chini, "Mathe, miguu! Simama kwa miguu, acha kuvuta!" Nikatazama miguu yangu, na hapo ndipo macho yangu yalipofunguka. Mahali nilipoona hakuna kitu palikuwa na vitu tele. Mkunjo mdogo kama upindo wa nguo. Shimo la kutosha vidole viwili. Kijirafu chembamba kama ukingo wa sahani, nikaweka ncha ya kiatu, kikanibeba. Kilinibeba mimi, na uzito wangu wote wa pilau za Majengo! Nilisimama pale nikicheka peke yangu. Kwa miaka mingi nimetazama mawe kando ya barabara nikaona mawe tu.

Kosa langu lilikuja hapo, katika furaha. Sikuwa naogopa tena, na niliacha kusikiliza. Juu yangu kulikuwa na ukingo mzuri, mpana, kama mpini wa mlango. Hata Kamakis haukuwapo mzuri hivyo. Sikugonga. Niliushika kwa mikono yote miwili nikavuta.

Ukatoka.

Haukutoka kwa kelele. Ulitoka kama jino la mtoto lililokuwa tayari. Nikaanguka kidogo, kamba ikanikamata kiunoni, nikagonga mwamba kwa bega, na kipande kile, kikubwa kama mkate, kikapita karibu na goti langu kikaenda. Na mimi, Rukia, sikusema kitu. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, "Jiwe," nimefundishwa muda mfupi uliopita, na halikutoka. Nilisikia jiwe linagonga mwamba, kisha nikasikia likigonga kitu ambacho hakikuwa mwamba. Kisha Njeri akamwita Mungu kwa Kikuyu, "Ngai!"

Nilikuwa nimening'inia, uso kwenye jiwe.

"Rukia!"

Kimya kidogo. Sijui kilikuwa kirefu kiasi gani. Kilitosha mimi kukuona ukiwa mtoto mchanga, ukiwa darasa la kwanza na meno hayapo, ukiwa na homa, vyote kwa pamoja.

"Niko, Mama."

"Limekugonga?"

"Niko. Nimekushika. Usiangalie chini, angalia mwamba."

Sauti yako haikutetemeka. Nimekuzaa, nimekusikia ukilia, ukidanganya, ukiimba bafuni, na sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye ungemfuata gizani. Nilitii. Mimi, mama yako, nilitii kama mtoto, nikaangalia mwamba.

"Pumua kwanza," ukasema. "Sasa niambie. Unataka kushuka ama kuendelea? Yoyote ni sawa."

Laiti ningejua ningeshuka. Lakini sikujua. Nilidhani limekupita, na nilisikia nguvu ya ile kamba kiunoni mwangu, haikulegea hata kidogo. Nikasema, "Kuendelea."

"Basi gonga kwanza."

Nikagonga. Kuanzia hapo niligonga kila kitu. Mwamba ulikuwa unanijibu, hapa imara, hapa imara, hapa tupu, na mimi nikapanda polepole nikiwa na woga wangu wote, macho wazi. Sikushinda woga, na usimwamini mtu anayekwambia aliushinda. Nilikwenda nao. Mahali pagumu nilisema kwa sauti, "Rukia, naogopa hapa," na wewe ukakaza kamba kidogo ili nikuhisi. Kila nilipolisema, mwili ulitulia. Nimeishi miaka yote nikiwa naogopa kimyakimya: ugonjwa wa nyanya yako, biashara, nyinyi mkichelewa kurudi. Ningelijua mapema kwamba unaweza kulitamka tu, na mtu akakaza kamba, ningekuwa nimelala vizuri zaidi.

Kisha nikaweka mkono juu na hapakuwa na mwamba tena. Palikuwa na hewa na majani.

Nilikaa pale juu, bado nimefungwa. Mlima Kilimambogo ulikuwa upande mmoja, karibu kama ungeweza kuuegemea. Mashamba ya mananasi yamepigwa mistari hadi macho yachoke. Thika ilikuwa mabati yanayometa, na nikajua kwamba moja ya hivyo vijimeto ni paa letu, na chini yake kuna sinia nililoacha bila kuosha. Kipanga alipita chini yangu. Chini yangu, Rukia! Niliuona mgongo wake. Sijawahi kuona mgongo wa kipanga.

Na mbali kaskazini, mawingu yakasogea. Sikuutafuta. Nimeishi Thika maisha yangu yote, na asubuhi zenye mbingu safi huwa tunauona mlima ule, tunasema, "Leo mlima umetoka," tunaendelea kufungua maduka. Siku hiyo sikuendelea na chochote. Niliuona umekaa peke yake juu ya kila kitu, mweusi na mweupe kidogo, mtulivu kiasi cha kutisha. Nikafikiri: huko ndiko anakotaka kwenda mwanangu. Na badala ya kusema hapana, nilisikia machozi. Nilielewa kwamba wewe ulikuwa unauona hivyo kila asubuhi, toka ukiwa mdogo, na sisi tulikuwa tunafungua maduka.

Ukanishusha taratibu, bila kunitikisa. Miguu ilipogusa ardhi niligeuka nikukumbatie, na ndipo nilipoona.

Mkono wako wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa leso yangu, ile niliyoiacha chini nilipovaa helmeti, na leso ilikuwa imebadilika rangi. Njeri alikuwa ameifunga huku wewe umeshika kamba. Midomo yako ilikuwa myeupe. Mkono wa kulia bado ulikuwa umekamata kamba, na Wekesa ilibidi akufungue vidole kimoja kimoja, akisema, "Basi, Rukia. Amefika. Basi."

Nilikufokea. "Mbona hukuniambia?"

"Ungeangalia chini, Mama. Halafu ungetaka kuja kunibeba."

Ni kweli. Ningeruka.

Njiani kuelekea gari Wekesa alinivuta kando. Hili hukulisikia, na ndilo hasa nilitaka kukuandikia. Aliniambia, "Mama Rukia, mimi nilikuwa nyuma yake. Ikimponyoka, nakushika mimi, usidhani ungeanguka. Nilimwambia aniachie. Akasema hapana, mkono wa kazi ni mzima. Nikamwangalia vidole, nikamwangalia macho, nikamwachia. Nimeshika kamba na watu wengi. Jiwe likimgonga mtu, mkono unafunguka wenyewe, hata akiwa mwanamume wa nguvu. Wake haukufunguka. Kamba haikusogea hata upana wa ukucha."

Nilitembea kwenye ile miiba nikiwa nimeshika helmeti yangu, nikikutazama mbele yangu ukipepesuka kidogo, umeegemea Njeri, mnawacheka wale mbuzi wa barabarani. Nimesoma khitma, nimeona watoto wakizaliwa, nimeona mito ikifurika. Sijawahi kushangaa kama nilivyoshangaa nyuma ya mgongo wako siku ile. Mtu mzima alikuwa amekua ndani ya nyumba yangu, akila ugali wangu, akiacha vikombe kila mahali, na sikumwona mpaka nilipofungwa kwenye ncha nyingine ya kamba yake.

Hospitalini daktari alipokuwa anakushona uliuma meno, hukutoa chozi. Nilikuwa nimekaa kando nimekushika kisigino, maana mikono yote ilikuwa na shughuli. Nikasema, "Nenda."

Ukadhani nakufukuza. "Niende wapi?"

"Naro Moru."

Ndipo ulipolia, mpaka daktari akaacha sindano akauliza kama ganzi imeisha. Ukamwambia, "Si ganzi. Ni mamangu." Akatutazama kama wagonjwa wawili.

Mwanangu, kuna mengi ya mlima ambayo siyajui, na sitajifanya. Utakutana na baridi ambayo sina nguo yake dukani. Utaongoza watu wenye haraka, wenye pesa, wenye kujua kila kitu kwa sababu wamemaliza kijani zote. Wavumilie, mamako ni mmoja wao. Na itafika siku mlima utakwambia rudi, na umebakisha kidogo tu, na wageni wananung'unika. Sitakuwepo. Lakini nimesikia ile sauti yako, na mtu aliye nayo anaweza kuwaambia watu wageuke na wakageuka. Itumie. Nikisikia umerudi bila kufika nitafurahi sawasawa na nikisikia umefika.

Ukiogopa, sema. Sema kwa Kiswahili, sema kwa Kiingereza, sema na mwamba wenyewe, lakini usiimeze hofu.

Mimi nitaendelea Kamakis, na Wekesa ameahidi kunirudisha Gatuanyaga jua likipungua. Safari hii nitajifunza kushika. Nataka kujua mkono wako ulikuwa unahisi nini.

Nasikia geti, nafikiri ni wewe, na unaongea na baba yako barabarani kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Nimalize. Hii nitaiweka chini kabisa ya begi, uikute ukiwa umeshafika na huwezi kunirudia ukilia.

Jambo moja tu nakuomba. Siku utakayofika juu kabisa mara ya kwanza, kama mtandao upo, nipigie. Usinieleze kitu. Usiseme hata salamu. Inyooshe tu simu kwenye upepo, niusikie. Mimi nitafunga mlango wa duka, nitakaa kwenye kiti changu, na nitanyamaza pamoja nawe.

Mamako.